Mapatano ya Mwaka 1999: Historia ya Semi za Njia katika Kuchagua Sehemu za Waraka wa XML

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya XPath, lugha ndogo ya semi za njia inayotumika kuchagua sehemu za waraka wa XML. Historia hiyo husimuliwa kwa kawaida kama sura fupi katika maendeleo ya programu za wavuti. Makala yanadai kwamba XPath ilizaliwa kutokana na mapatano ya pande mbili zenye mahitaji tofauti: watengenezaji wa programu waliotaka kuchagua kila kinachotimiza sharti fulani, na wahakiki wa matini waliotaka kuelekeza mahali pamoja na kuwa na hakika kwamba mahali hapo patabaki. Hitaji la kwanza lilitimizwa kikamilifu. La pili lilitimizwa nusu, na nusu iliyobaki ingali inamgusa kila mtafiti anayehifadhi matini kwa njia ya kidijitali.

1.0 Utangulizi

Kila taaluma inayoshughulika na maandishi hulazimika kujibu swali moja la awali: tunamwelekezaje msomaji mahali tunapopazungumzia? Anayenukuu Kurani hutaja sura na aya. Anayenukuu Biblia hutaja kitabu, sura na mstari. Mhakiki wa utenzi hutaja namba ya ubeti. Katika mifano yote hiyo hakuna anayetegemea namba ya ukurasa, kwa kuwa ukurasa hubadilika kila kitabu kinapochapishwa upya, ilhali aya na ubeti ni sehemu za matini yenyewe. Huu ni ustadi wa kale: kuigawa matini kwa viungo vyake vya ndani na kuvitumia viungo hivyo kama anwani.

Waraka wa XML umejengwa juu ya msingi huohuo. Kila sehemu ya waraka huwekewa alama mwanzoni na mwishoni, na alama hizo hutaja sehemu hiyo ni kitu gani. Tuchukue mfano wa diwani iliyohifadhiwa katika faili moja. Elementi ya nje kabisa ni diwani. Ndani yake mna elementi kadhaa ziitwazo shairi, na kila shairi lina sifa inayotaja bahari yake. Ndani ya shairi mna beti, na ndani ya kila ubeti mna mishororo. Msomaji anayetaka ubeti wa tatu wa kila shairi anaweza kuandika:

/diwani/shairi/ubeti[3]

Usemi huu husomwa kama maelekezo ya njia: anzia kwenye mzizi, ingia kwenye diwani, ingia kwenye kila shairi, kisha chukua ubeti wa tatu. Mkwaju hutenganisha hatua, na mabano mraba huweka sharti. Mambo mengine yote katika lugha hii ni upanuzi wa wazo hilo. Swali la makala haya ni jinsi wazo lenyewe lilivyofikiwa, na nani alipata nini katika safari hiyo.

2.0 Waraka kama Mti wa Ukoo

Haiwezekani kuandika njia ndani ya kitu kisichokuwa na umbo. Kabla ya semi za njia, ilibidi kwanza watu wakubaliane kwamba waraka una umbo, na kwamba umbo hilo ni la mti. Makubaliano hayo yalichukua takriban miongo mitatu. Mwaka 1969, katika kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walibuni GML, mfumo wa kuweka alama zinazotaja sehemu ya maandishi ni nini badala ya kutaja itaonekanaje ikichapishwa. Mfumo huo ulizaa SGML, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986 kwa namba ISO 8879. Toleo lake jepesi lililokusudiwa wavuti, yaani XML 1.0, lilitolewa na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998.

Kinadharia, umbo la mti lilitetewa kwa nguvu zaidi na watu wa taaluma za matini. Mwaka 1990, Steven DeRose, David Durand, Elli Mylonas na Allen Renear walichapisha makala iliyouliza matini ni nini hasa. Jibu lao lilikuwa kwamba matini ni ngazi iliyopangiliwa ya vitu vya kimaudhui: sura ndani ya kitabu, aya ndani ya sura, sentensi ndani ya aya. Kila kitu kimo ndani ya kingine, na vyote vina mfuatano.

Mtazamo huo ukikubaliwa, istilahi za ukoo hujileta zenyewe. Elementi iliyomo ndani ya nyingine ni mtoto, na inayoibeba ni mzazi. Zenye mzazi mmoja ni ndugu. Zilizo juu zaidi ni wahenga, na zilizo chini ni wazawa. Mfuatano nao huongeza jambo ambalo msemaji wa Kiswahili hulielewa bila kufafanuliwa: ndugu hawako sawa, yupo aliyetangulia na yupo aliyefuata. Kuuliza mshororo fulani umo katika shairi gani ni kumuuliza mtu jina la babu yake.

3.0 Asili Mbili

3.1 Wahakiki wa Matini

Mwezi Novemba 1987, wataalamu wa matini walikutana katika Chuo cha Vassar, mjini Poughkeepsie, New York, kujadili namna ya kuhifadhi matini za kitaaluma kwa kompyuta bila kila mradi kubuni utaratibu wake. Mkutano huo ulianzisha Mradi wa Uwekaji Alama wa Matini, unaojulikana kwa kifupi kama TEI. Mwongozo wake wa tatu, uitwao P3, ulitolewa mwaka 1994 chini ya uhariri wa C. M. Sperberg-McQueen na Lou Burnard.

Ndani ya mwongozo huo mlikuwa na utaratibu wa kuelekeza kutoka matini moja hadi nyingine, hata kama matini inayoelekezwa ni ya mtu mwingine na haiwezi kuongezewa alama. Mwandishi angetaja neno la uhusiano, kisha namba na jina la elementi ndani ya mabano, na kuendelea hatua kwa hatua. Maneno hayo ya uhusiano yalikuwa pamoja na child, descendant, ancestor, preceding na following. Yeyote aliyewahi kutumia XPath atayatambua mara moja. Yalikuwapo miaka mitano kabla ya XPath yenyewe, katika mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya wasomi wa fasihi, isimu na historia.

Hitaji la wasomi hao lilikuwa mahususi. Mhakiki anayeandika maelezo juu ya nusu ya pili ya mshororo mmoja hataki mishororo yote inayofanana na huo. Anautaka huohuo. Mara nyingi, vilevile, kipande anachokitaka huanzia katikati ya mshororo mmoja na kuishia katikati ya mwingine, kwa kuwa fikra za mshairi hazisimami daima pale mizani inaposimama.

XML ilipokuwa inaandaliwa, utaratibu wa TEI ulichukuliwa kuwa msingi wa rasimu za XPointer, lugha ya kuelekeza ndani ya nyaraka za XML. Miongoni mwa wahariri wa rasimu hizo alikuwamo Steven DeRose, yuleyule wa makala ya mwaka 1990, ambaye taaluma yake ya awali ilikuwa isimu.

3.2 Watengenezaji wa Programu

Upande wa pili ulianzia kwenye haja ya kuuonyesha waraka. XML haisemi kitu kionekaneje. Kwa hiyo ilihitajika lugha ya mitindo ya kuugeuza waraka kuwa ukurasa. SGML ilikuwa na lugha ya aina hiyo, DSSSL, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1996. Ilikuwa na nguvu nyingi, lakini sura yake ya mabano ndani ya mabano iliwatisha wengi. Mwezi Agosti 1997, kampuni za Microsoft, ArborText na Inso ziliwasilisha pendekezo la lugha mpya, XSL.

Lugha ya mitindo hufanya kazi kwa kanuni za namna hii: kila ukikutana na kichwa cha shairi, kiandike kwa herufi nzito, kila ukikutana na ubeti, acha nafasi. Kila kanuni ya aina hiyo ina nusu mbili, kuchagua na kutenda, na nusu ya kuchagua ilihitaji maandishi mafupi. Hapo ndipo mkwaju ulipoingia, kwa mfano wa anwani za wavuti na njia za mafaili ambazo kila mtengenezaji wa programu alikwisha kuzizoea. Mwaka 1998, Jonathan Robie, Joe Lapp na David Schach walipendekeza XQL, wakipanua maandishi hayohayo ya XSL ili yatumike kuuliza maswali kama inavyofanywa katika hifadhidata.

Kwa hiyo, kufikia mwanzoni mwa mwaka 1999, palikuwa na lugha mbili za njia ndani ya shirika moja. Zote zilitembea katika mti uleule, kila moja kwa maandishi yake. Mtumiaji wa XML angelazimika kujifunza njia moja ya kuchagua ubeti anapotaka kuupamba, na nyingine anapotaka kuunukuu.

4.0 Mapatano

Mwezi Julai 1999 rasimu ya kwanza ya XPath ilitolewa kama waraka unaojitegemea, na tarehe 16 Novemba mwaka huohuo ikawa pendekezo rasmi, siku moja na XSLT 1.0. Waraka wenyewe unaeleza wazi chimbuko lake: ni jitihada ya kutoa maandishi na maana za pamoja kwa kazi ambazo XSLT na XPointer zilishiriki. Wahariri wake wawili waliwakilisha asili hizo mbili. DeRose alitoka upande wa XPointer. Mwenzake, James Clark, alikuwa mhariri wa XSLT na aliyewahi kuandika programu za SGML na DSSSL zilizotumika sana.

Mapatano hayo yanaonekana katika umbo la lugha. Kila hatua ya njia inaweza kuandikwa kwa ukamilifu, kwa kutaja mhimili wa uhusiano, au kwa kifupi. Semi mbili zifuatazo zina maana ileile:

/child::diwani/child::shairi/attribute::bahari
/diwani/shairi/@bahari

Usemi wa kwanza umehifadhi msamiati wa wahakiki, na wa pili ni ufupi wa watengenezaji wa programu. Mihimili yote ni 13, na kati yake imo inayopanda kwa wazazi na wahenga na inayokwenda kwa ndugu waliotangulia au waliofuata. Aina za thamani ni nne tu: seti ya nodi, ukweli au uongo, namba, na mfuatano wa herufi. Funksheni za msingi ni 27.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kile ambacho lugha haikupewa. XPath haiwezi kuubadilisha waraka. Haiwezi kuunda elementi mpya wala kuhifadhi matokeo yake yenyewe. Inachagua na kukokotoa kidogo, kisha inamkabidhi mwenyeji wake matokeo. Hata maandishi yake yalifanywa mafupi, yasiyo na umbo la XML, kwa sababu ya kimatumizi: ilibidi yatoshe ndani ya anwani ya wavuti na ndani ya thamani ya sifa. Udogo huo ndio uliompa mgeni huyu makao katika nyumba nyingi. XSLT ilimkaribisha tangu siku ya kwanza, na baadaye wakafuata Schematron, XForms, hifadhidata na vivinjari.

5.0 Gharama ya Ufupi

Ufupi una gharama, na gharama hiyo hulipwa na msomaji wa usemi kuliko mwandishi wake. Mfano unaojulikana sana ni mkwaju maradufu. Mtu akitaka ubeti wa kwanza katika diwani nzima, huandika kwa wepesi //ubeti[1] na kushangaa kupata beti nyingi. Sababu ni kwamba mkwaju maradufu ni kifupisho cha hatua nzima iliyofichika, na sharti la [1] hufungamana na hatua ya mwisho pekee. Usemi huo unamaanisha kila ubeti ambao ni wa kwanza kwa mzazi wake. Aliyetaka ubeti mmoja alipaswa kuandika /descendant::ubeti[1]. Waraka rasmi wa mwaka 1999 wenyewe una tahadhari juu ya tofauti hiyo, ishara kwamba waandishi waliuona mtego wakauacha.

Mtego wa pili ulimnasa mwandishi wa makala haya. Katika kuandaa matini za tenzi kwa ajili ya utafiti wa uzamivu, niliziwekea alama kwa utaratibu wa TEI, ambamo ubeti huitwa lg. Kisha niliomba beti zote kwa usemi //lg. Jibu lilikuwa seti tupu. Hapakuwa na onyo wala ujumbe wa kosa. Elementi za TEI, tangu mwongozo wa P5 wa mwaka 2007, zina ukoo wa majina unaozitofautisha na elementi za watu wengine zenye jina hilohilo. Na katika XPath 1.0 jina lisilo na kiambishi humaanisha elementi isiyo na ukoo wowote. Niliomba ubeti asiye na ukoo, nikajibiwa kwa usahihi kwamba hayupo.

Kwa mtengenezaji wa programu hilo ni jambo la kurekebisha kwa dakika chache. Kwa mtafiti lina uzito mwingine. Laiti ningekuwa natafuta sifa adimu katika matini, ningeweza kuandika katika tasnifu kwamba haimo, na hakuna ambaye angejua kwamba aliyekosa alikuwa muulizaji. Chombo cha kuchagua ambacho hujibu “hakuna” na “hukuuliza vizuri” kwa sauti moja humdai mtumiaji nidhamu: kuhesabu kwanza kile anachojua kimo, kabla ya kuamini kwamba kisichoonekana hakimo.

Gharama ya tatu iligunduliwa na watafiti wa sayansi ya kompyuta. Mwaka 2002, Georg Gottlob, Christoph Koch na Reinhard Pichler walionyesha kwamba programu zilizokuwapo zilitumia muda unaoongezeka kwa kasi ya kutisha kadiri usemi ulivyorefuka, hata kwa waraka mdogo. Walithibitisha pia kwamba lugha yenyewe haikulazimisha hivyo, na wakatoa mbinu za kukokotoa zinazodhibiti ongezeko hilo. Udogo wa XPath ndio uliowezesha uthibitisho huo.

6.0 Kilichobaki Nje

Hitaji la watengenezaji wa programu liliendelea kustawi. Tarehe 23 Januari 2007 XPath 2.0 ilipitishwa pamoja na XQuery 1.0, lugha kamili ya maulizo iliyojengwa juu yake. Seti ya nodi ilibadilishwa kuwa mfuatano, na msamiati wa aina za thamani ukapanuliwa mno. Toleo la 3.0 lilifuata mwaka 2014, na la 3.1 mwaka 2017. Vivinjari, hata hivyo, vilibaki na toleo la 1.0, kwa kuwa kilichokwisha kutosha hakikuwasukuma kwenda mbele.

Hatima ya hitaji la wahakiki ilikuwa tofauti. XPath huchagua nodi, na nodi ni kitu kizima: elementi, sifa, au kipande cha maandishi kati ya alama mbili. Funksheni zake zinaweza kukata herufi kutoka katika maandishi, lakini kilichokatwa ni nakala isiyokumbuka ilikotoka. Kazi ya kuelekeza katikati ya maandishi iliachiwa XPointer, iliyokusudia kuiongezea XPath dhana za nukta na masafa. Tarehe 25 Machi 2003 kiunzi cha XPointer na sehemu zake mbili nyepesi zilipitishwa rasmi. Sehemu nzito, ile yenye nukta na masafa, ilikomea kwenye rasimu ya Desemba 2002.

Wahakiki hawakungoja. Mwongozo wa TEI P5 ulibuni upya taratibu zake wenyewe za kuelekeza ndani ya maandishi, zikiitumia XPath pale inapotosha na kuipita pale isipotosha. Mwaka 2017 W3C nayo ilirudi kwenye swali hilo kupitia kiwango cha ufafanuzi wa matini za wavuti, ambamo usemi wa XPath ni mojawapo tu ya njia za kuelekeza, sambamba na kunukuu maneno yenyewe pamoja na yaliyo kabla na baada yake.

Tatizo la kudumu kwa anwani nalo halikutatuliwa. Usemi ubeti[40] ni sahihi mpaka siku mhariri atakapopata muswada wenye ubeti uliosahaulika na kuuweka mahali pake. Siku hiyo kila rejeleo lililo mbele yake litaelekeza kwa jirani, tena bila kulalamika. Ndiyo maana wahariri makini huupa kila ubeti kitambulisho chake kisichobadilika na kuelekeza kwa hicho. Njia ni nzuri kwa kutafuta. Kwa kunukuu, jina ni bora kuliko njia.

7.0 Mlango wa Tatu: Dodoso

Yapo matumizi ambayo waandishi wa mwaka 1999 hawakuyalenga, nayo yameileta XPath hadi vijijini Afrika Mashariki. XForms, kiwango cha fomu kilichopitishwa mwaka 2003, huyahifadhi majibu ya fomu kama waraka wa XML, na masharti yake huandikwa kwa XPath. Juu ya msingi huo ilijengwa ODK, programu huria ya kukusanya taarifa kwa simu iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington. Miongoni mwa waliotangulia kuitumia ni AMPATH, magharibi mwa Kenya, katika ushauri nasaha na upimaji wa VVU nyumba kwa nyumba.

Mdadisi akigusa kioo cha simu na swali fulani likarukwa kwa kuwa mhojiwa hajafikisha miaka 18, usemi wa njia umekwenda kwenye nodi ya umri, umeilinganisha, na umejibu kweli au si kweli. Mwandaaji wa dodoso huandika jina la swali tu, na programu huligeuza kuwa njia. Lugha iliyozaliwa kwa ajili ya wanaosoma nyaraka imekuwa lugha ya wanaoziandika, wala haihitaji kujulikana nao.

8.0 Hitimisho

Historia ya XPath inaonyesha kwamba uteuzi wa sehemu za waraka haukuwa swali la kompyuta pekee. Msamiati wake wa ukoo ulitoka kwa wasomi wa matini. Mkwaju na ufupi wake vilitoka kwa watengenezaji wa programu. Na mwaka 1999 pande hizo mbili zilikubaliana juu ya kile walichoweza kushiriki. Kilichoshirikiwa kilidumu kwa sababu kilikuwa kidogo. Kisichoshirikiwa, yaani uwezo wa kuelekeza kwa uhakika ndani ya maandishi yenyewe, kilirudi mikononi mwa waliokihitaji.

Kwa watafiti wanaohifadhi tenzi, barua na kumbukumbu za Kiswahili kwa njia ya kidijitali, funzo ni la kiutendaji. Usemi wa njia hauoni ila kile kilichowekewa alama. Asiyeweka alama kwenye vina hawezi kuuliza juu ya vina. Asiyeupa ubeti kitambulisho hawezi kuuahidi msomaji kwamba ataukuta mahali pake. Uamuzi wa matini ina viungo gani hufanywa na mhakiki, mapema, kabla njia yoyote haijaandikwa, na uamuzi huo hauwezi kuachiwa programu.